Nikeli hailiwi: vijidudu wa udongo wa serpentini na biashara inayowazunguka

Kuna stori inazunguka sana siku hizi, utaikuta kwenye klipu fupi za sayansi na kwenye maelezo ya watu wa biashara ya madini ya kijani, kwamba wamepatikana bakteria "wanaokula madini", yaani unawamwaga kwenye udongo wenye sumu, wanaimaliza yote, alafu unapanda mahindi yako kama kawaida. Inapendeza kusikia. Shida ni kwamba nikeli ni elementi. Haiozi, haivunjiki. Dizeli ikimwagika shambani kuna bakteria wanaweza kweli kuila, wanaikatakata mpaka inabaki hewa ya kaboni na maji, ila nikeli iliyopo leo itakuwepo hata mwaka 3000 na swali pekee ni itakuwa wapi na kwa hali gani, imeng'ang'ania kwenye chembe za chuma, imeyeyuka kwenye maji, imeingia kwenye jani, au imeshuka mtoni kwa jirani.

Najua hiyo stori imetokea wapi. Kuna bakteria wanaojipatia nguvu kutoka kwenye chuma na salfa za mawe ya salfaidi, yaani mawe ambayo metali yake imefungwa na salfa, na wakifanya hivyo tindikali inatoka na metali zinayeyuka zenyewe. Finland, kule Sotkamo, kuna mgodi mzima wa nikeli unaendeshwa hivyo, mawe yanarundikwa malundo makubwa, yanamwagiwa maji ya tindikali na bakteria ndo wanafanya kazi. Lakini hata pale nikeli hailiwi, inatolewa tu kwenye jiwe ikaingia kwenye maji, na mwaka 2012 bwawa la mgodi huohuo lilipovuja watu wakaona maji yenye metali yakienda kwenye mito na maziwa. Kwa hiyo mtu akikwambia bakteria atamaliza nikeli muulize anaipeleka wapi.

Mimi hapa nataka kuongelea vijidudu wengine kabisa, ambao hawachimbi wala hawavuji popote, wanaishi tu kwenye udongo ambao tangu mwanzo wake umejaa metali bila mgodi wala kiwanda. Udongo wa serpentini. Na nisizunguke, msimamo wangu ni huu: hawa vijidudu wana thamani kubwa, ila thamani yenyewe iko hapohapo walipo, kwenye kilima chao, pamoja na mimea yao, na ukiwatoa hapo kuwaweka kwenye chupa sehemu kubwa ya thamani unaiacha nyuma. Hilo lina maana kwetu sasa hivi maana vilima vya jamii hiyo tunavyo na watu wameshavipigia mahesabu.

Tuanze na jiwe. Mwamba unaozaa udongo huu asili yake ni chini ya ganda la dunia, tabaka ambalo kwa kawaida hatulioni kabisa, ukasukumwa juu wakati sakafu za bahari na mabara yanagongana, ukakutana na maji, ukageuka kuwa jiwe la kijani linalong'aa na kuteleza ukiligusa. California wanalipenda mpaka mwaka 1965 wakalifanya jiwe rasmi la jimbo lao, japo aina moja ya serpentini ndiyo ileile krisotaili iliyotengenezea mabati ya zamani ya asibestosi, kwa hiyo ukienda kuliona usipige nyundo ukavuta vumbi lake.

Likioza linatoa udongo wa ajabu. Nikeli mara nyingi inapita miligramu 1,000 kwa kilo moja ya udongo, wakati udongo wa kawaida wa shamba haufiki hata 50. Kuna kromiamu na kobalti juu yake. Magnesiamu imejaa kuliko kalsiamu, kinyume na mimea mingi inavyotaka. Naitrojeni kidogo, fosforasi kidogo, potasiamu kidogo, alafu udongo wenyewe mara nyingi ni mwembamba wenye mawe na haushiki maji, yaani kila kitu kibaya kimekutana sehemu moja. Hans Jenny, mtaalamu mkubwa wa udongo wa California, aliyaita haya yote kwa pamoja sindromu ya serpentini, na mimi naona alikuwa na akili sana kukataa kumtaja mkosaji mmoja, tutalirudia hilo baadae.

Unapatikana wapi? Cuba, Italia, Ureno, nchi za Balkan, California na Oregon, Sabah kule Malaysia, na New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambapo mwamba wa namna hii umefunika karibu theluthi ya kisiwa kikuu. Afrika kuna ule ukanda mrefu wa Great Dyke unaokata Zimbabwe kwa kilomita kama 550, na milima ya Barberton Afrika Kusini. Ndugu zetu mlioko Muscat nyie wala hamna haja ya kusafiri, ile milima ya kahawia iliyo uchi nyuma ya mji sehemu yake kubwa ni sakafu ya bahari ya zamani pamoja na mwamba wa chini yake uliopanda nchi kavu, na kuna chemchemi huko ndani maji yake yana pH ya zaidi ya 11, yaani yako mbali sana na tindikali, nayo yana bakteria wake. Na huku kwetu kuna Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi, na Dutwa kule Simiyu upande wa Ziwa Victoria, ambako mwamba wa jamii hiyohiyo umeoza kwa joto na mvua kwa muda mrefu mno, ukawa udongo mwekundu, nikeli ikajikusanya humo. Kabanga ya Ngara ni kitu kingine, ile ni salfaidi iko chini sana, watu wanazichanganya kwa sababu zote zinaitwa nikeli.

Sasa swali lenyewe. Kwenye udongo kama huo nani anaamua vijidudu gani wakae? Jibu ambalo kila mtu atakupa ni metali, kwamba nikeli inaua wanyonge, wanabaki wachache wenye ngozi ngumu, mwisho wa stori. Ukiingia kwenye ushahidi unakuta mambo hayako hivyo, au tuseme ni hivyo kwa nusu.

Chukua fangasi wanaoishi na mizizi, wale wa maikoraiza, ambao wanauletea mti fosforasi na maji na wenyewe wanapewa sukari. Mtu angetegemea kwenye serpentini wawe wachache. Mtafiti Sara Branco akaenda kaskazini-mashariki mwa Ureno ambapo mialoni ya aina moja inaota kwenye serpentini na pia kwenye udongo wa kawaida jirani, akachukua ncha za mizizi akaangalia nani yuko nani hayuko, na mwaka 2010 akatoa majibu kwamba kwenye serpentini fangasi hawajapungua, utofauti wao ulikuwa mkubwa zaidi. Hapo ule wimbo wa "udongo wa sumu, maisha machache" unakwama.

Sasa usije ukaruka kusema basi udongo haujali. Kule California kuna kimmea kinaitwa Collinsia sparsiflora ambacho kina aina mbili, moja imezoea serpentini na nyingine haijazoea. Shannon Schechter na Thomas Bruns walionyesha mwaka 2008 kwamba aina hizo mbili zinaishi na fangasi tofauti kabisa mizizini. Sawa, lakini je ni mmea ndo unachagua fangasi au ni udongo? Wakapanda kwa kubadilishana, aina hii kwenye udongo ule na ile kwenye udongo huu, na matokeo yaliyotoka 2013 yakasema kwa sehemu kubwa ni udongo. Umeona hapo, idadi inaweza isishuke hata kidogo ila majina yakabadilika karibu yote, na mtu aliyehesabu spishi tu akakwambia "hakuna tofauti" atakuwa hajakudanganya na hajakusaidia.

Bakteria ndo wana stori ndefu zaidi na mimi nawapenda zaidi, nikiri. Njia ya kuwapima ni rahisi mno hata shule yenye maabara ya kawaida inaweza. Unachukua gramu moja ya udongo unaitikisa kwenye maji safi, unazimua mara kumi, mara mia, mara elfu, alafu unapaka tone kwenye sahani za agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, ambazo umeziwekea nikeli kwa viwango vinavyopanda, sahani ya kwanza haina kitu, ya mwisho ni ya kijani kabisa kwa chumvi ya nikeli. Unasubiri siku kadhaa. Sahani ya kwanza inajaa madoa ya kila rangi, ukienda mbele yanapungua, na kwenye ile ya mwisho unakuta vidoa viwili vitatu vimekaa kimya vinakua. Hao ndo unaowatafuta.

Mtafiti Hans Schlegel na wenzake walifanya kitu cha namna hiyo na udongo wa New Caledonia na kutoa matokeo mwaka 1991. Kule kuna mti unaitwa Pycnandra acuminata, wenyeji wanaoongea Kifaransa wanauita utomvu wa bluu, na sio utani, ukiuchanja gome inatoka maziwa ya rangi ya bluu kuelekea kijani, na utomvu huo ukikauka karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Robo! Mmea wa kawaida unaugua ukifikisha miligramu 10 mpaka 50 hivi kwa kilo. Waligundua kwamba bakteria wanaohimili nikeli walikuwa wengi hasa chini ya miti hiyo. Kisa chenyewe nadhani unakiona, mti unanyonya nikeli kutoka chini, unaiweka kwenye majani, majani yanadondoka yanaoza, na ule udongo wa juu kabisa chini ya mti unakuwa na nikeli inayoyeyuka kuliko udongo wa pembeni. Mwaka 2001 Alessio Mengoni na wenzake wakaona kitu kinachofanana kule Italia kwenye mmea mdogo wa maua ya njano, Alyssum bertolonii, bakteria wa karibu na mizizi wanastahimili zaidi kuliko wa mbali.

Maana yake ni kwamba jiwe peke yake halijibu swali letu. Mmea unaihamisha metali, unatengeneza vyumba vya sumu ndani ya kilima kimoja, mita mbili huku bakteria hawa, mita mbili kule wengine. Ndo maana mimi huwa nashangaa mtu akichukua sampuli moja ya udongo katikati ya kilima akaandika ripoti ya "jamii ya vijidudu wa eneo".

Wanahimili vipi? Njia kubwa ni pampu. Nikeli inaingia ndani ya seli bila kupenda, kupitia milango ileile ya magnesiamu, na bakteria kwenye ukuta wake ana mashine za protini zinazoitupa nje muda wote, kama mvuvi kwenye mtumbwi unaovuja ambaye hawezi kuziba tundu ila anakumba maji bila kupumzika. Bakteria anayejulikana zaidi kwa hilo hakutoka hata kwenye serpentini, alitolewa Ubelgiji mwaka 1976 kwenye tope la kiwanda cha zinki, leo anaitwa Cupriavidus metallidurans CH34, na jeni za pampu yake ya nikeli na kobalti hazipo kwenye kromosomu yake kubwa, zipo kwenye kipande cha DNA cha pembeni, plazmidi, kinachoweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Jamaa wa karibu wa hizo jeni walikuja kukutwa mwaka 2007 ndani ya bakteria wa Bradyrhizobium waliotolewa kwenye vinundu vya mizizi ya mti wa jamii ya kunde wa New Caledonia, Serianthes calycina. Kiwanda Ubelgiji na kilima Bahari ya Pasifiki, pampu za ukoo mmoja.

Na kumba maji kuna gharama. Stephanie Porter na Kevin Rice walichukua Mesorhizobium, raizobia, yaani bakteria wa vinundu vya mizizi ya kunde wanaoupa mmea naitrojeni, wanaoishi kwenye kammea kadogo ka kunde ka California, Acmispon wrangelianus, kanakoota serpentini na nje ya serpentini, na mwaka 2013 wakaonyesha kwamba wale wanaovumilia nikeli wanalipa, ukiwaweka mahali hakuna nikeli wanaachwa na wenzao. Miaka minne baadae kazi nyingine ya kundi la Porter ikaonyesha jeni zinazohusishwa na maisha ya serpentini ziko kwenye vipande ambavyo baadhi ya raizobia wanavyo na wengine wa spishi hiyohiyo hawana. Hili ndo la muhimu kuliko yote kwenye makala hii. Kama ustahimilivu una gharama na unabebwa na vipande vinavyoweza kupatikana au kupotea, basi hakuna kitu kinaitwa "bakteria wa nikeli" ambaye utamfuga maabara mwaka mzima kwenye chakula kizuri kisicho na nikeli alafu uje umpeleke kilimani ufikiri ni yuleyule.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali: kwa bakteria metali ina mkono mkubwa na inafika mpaka kwenye jeni, kwa fangasi naona umaskini wa udongo, maji kidogo, fosforasi kidogo na huo mvurugano wa kalsiamu na magnesiamu una kazi kubwa kuliko tunavyoupa, na juu ya wote mmea unapanga nani akae wapi. Jenny alikuwa sahihi, kesi ina watuhumiwa wengi. Wapo watakaobishana na mimi kuhusu fangasi, maana kule New Caledonia kuna Pisolithus albus wanaovumilia nikeli kweli na wengine wa jina hilohilo wasiovumilia, sawa, sikatai, tutawafikia.

Kabla sijaenda kwenye pesa niweke angalizo kuhusu hizi orodha za DNA. Siku hizi mtu anachota udongo, anatoa DNA yote, anaipeleka kwenye mashine, anapata orodha ya maelfu ya majina na chati za rangi nzuri. Mwaka 2016 ilitoka kazi ya Paul Carini na wenzake iliyoonyesha kwamba kwa wastani kama asilimia 40 ya DNA ya vijidudu inayochotwa kwenye udongo ni ya waliokwisha kufa, imebaki tu imeshikwa na chembe za udongo. Kiwango kinabadilika kutoka udongo mmoja hadi mwingine, lakini hoja inabaki. Orodha inakwambia nani aliwahi kupita hapa, sahani ya agari inakwambia nani anaweza kuishi leo ila inawaacha nje wengi ambao hawaoti maabara. Unahitaji zote mbili na bado unahitaji kwenda kuangalia mmea.

Alafu kuna jambo ambalo watu wa kilimo wataliona haraka kuliko wengine. Nikeli siyo adui tupu. Unaponunua mfuko wa yuria ukamwagia mahindi, ile yuria yenyewe haina kazi kubwa mpaka igeuzwe kuwa amonia, na inayoigeuza ni enzaimu inaitwa yurease ambayo vijidudu wengi wa udongo wanayo. James Sumner aliifanya fuwele mwaka 1926, enzaimu ya kwanza duniani kufanyiwa hivyo, ikampa Nobel mwaka 1946, lakini ilikuwa mpaka 1975 watafiti wa Australia walipogundua kwamba katikati ya enzaimu hiyo imekaa nikeli. Bila atomu hizo haifanyi kazi. Vijidudu wanaotengeneza methane, wakiwemo wa tumboni mwa ng'ombe wako, nao hawawezi bila nikeli. Kwa hiyo bakteria wa serpentini hayuko vitani na nikeli muda wote, anahitaji kidogo na anazungukwa na nyingi, ndo maana ana mlango wa kuingizia na pampu ya kutolea kwa pamoja.

Kromiamu nitaipita haraka. Nyingi iko ndani ya jiwe, haiyeyuki, haina madhara makubwa. Ila manganizi ikiwa imeoksidishwa, na wanaoioksidisha mara nyingi ni bakteria, inaweza kuigeuza kromiamu kuwa ile ya namba sita yenye sumu inayotembea na maji, kazi ya mwaka 2007 ya California ilionyesha hili linatokea lenyewe bila kiwanda. Bakteria wengine wanairudisha kwenye hali ya usalama. Umeona jinsi "bakteria wazuri" na "bakteria wabaya" ni lugha isiyosaidia.

Pesa sasa. Wazo la kulima nikeli ni zuri na si la kubeza. Albania, karibu na ziwa Ohrid, timu ya Aida Bani na Guillaume Echevarria wamepanda alisumu, mmea wa ukoo wa ule Alyssum wa Italia, kwenye serpentini ambayo mahindi na ngano zinateseka, wanavuna majani, wanayachoma, wanatoa nikeli kwenye majivu, na shamba lililotiwa mbolea vizuri limepita kilo 100 za nikeli kwa hekta, wakati mimea ya porini isiyotunzwa inatoa sehemu ndogo tu ya hiyo. Bei ikiwa dola 15,000 kwa tani, kilo 100 ni dola 1,500 kabla hujalipa mtu wala kuchoma chochote. Kwa mkulima wa udongo ambao haumpi kitu siyo mbaya, kwa anayeota kuwa tajiri atafute dili nyingine.

Hapo ndo wanakuja watu wa chupa, wale wanaotaka kuuza vijidudu hawa. Kweli, mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba bakteria watatu waliotolewa kwenye mizizi ya alisumu wakirudishwa kwenye mmea wanaongeza nikeli inayopanda kwenye majani kwa asilimia 17 mpaka 32 hivi. Lakini soma vizuri: bakteria wa mizizi ya mmea huohuo, kwenye vyungu. Kutoka hapo mpaka kuuza kopo la unga Dodoma lenye maandishi "kwa udongo wowote wenye metali" ni safari ambayo hakuna aliyeisafiri. Udongo una wenyeji tayari, mamilioni kwa mamilioni kwa gramu, na mgeni ukimmwaga mara nyingi baada ya miezi humwoni.

Na mgeni asipopotea inaweza kuwa mbaya zaidi. Oregon walileta alisumu kutoka Ulaya kulima nikeli kwenye bonde la mto Illinois, bonde lenye mimea ya serpentini isiyopatikana pengine. Biashara haikukua, alisumu ndo ikakua, ikatoka mashambani ikaingia porini, na mwaka 2009 jimbo likaiweka kwenye orodha ya magugu ya kupigwa vita. Huo ni mmea, unauona kwa macho, una maua ya njano, unaweza kumtuma mtu akaung'oe. Bakteria mgeni utamng'oa na nini?

Ushahidi ninaoutegemea zaidi kwa msimamo wangu ni ule wa Pisolithus niliowataja. Philippe Jourand na wenzake walichukua miche ya mkalitusi wakaipa fangasi wa spishi hiyohiyo moja, mingine ikapata wanaovumilia nikeli kutoka New Caledonia, mingine wasiovumilia, wakaiweka kwenye nikeli ya kiwango cha sumu, na miche yenye fangasi wavumilivu ikawaacha mbali kabisa wenzao. Jina la kisayansi ni lilelile, ukisoma kwenye lebo hutaona tofauti yoyote. Kinachotofautisha ni fangasi huyu katoka kilima gani na kilima hicho kimemfundisha nini kwa vizazi.

New Caledonia wanachimba nikeli tangu miaka ya 1870 na kwa muda mrefu walikuwa wanasukuma udongo wa juu mabondeni kama takataka, mpaka leo kuna miteremko myekundu iliyo uchi ambayo haijawahi kurudisha msitu. Waliokuja kujaribu kuotesha upya wamejifunza kwa taabu kwamba mbegu peke yake haitoshi, ule udongo wa juu ndo una fangasi na raizobia na mbegu za kienyeji pamoja. Na watu wa Lubumbashi mnaijua hii kwa upande wa shaba, vilima vya shaba vya Katanga vilikuwa na mimea yake, Haumaniastrum katangense na wenzake, ambayo wachimbaji waliitumia kuonyesha shaba iko wapi, na vingi vya vilima hivyo vimeshakuwa mashimo.

Sasa turudi Musongati na Dutwa. Nikeli ya aina hii haiko chini sana, iko kwenye udongo wenyewe na mwamba uliooza, kwa hiyo kuichimba maana yake ni kuondoa kilima kuanzia ngozi yake. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira itakuwa na orodha ya miti, ndege, nyoka, pengine samaki wa mto wa chini, na kuhusu udongo wa juu itakuwa na sentensi moja, kwamba utaondolewa na kuhifadhiwa kwa ajili ya ukarabati. Hiyo sentensi ndo ninayoigombania. Udongo uliorundikwa lundo refu kwa miaka mingi ndani yake hewa inakosekana, mizizi hai haipo, fangasi wanaotegemea mizizi wanapungua mpaka siku unayourudisha unarudisha vumbi lenye nikeli. Lundo likiwa fupi, likapandwa mimea ileile ya kilimani na likarudishwa mapema kwenye sehemu iliyokwisha kuchimbwa, hali ni tofauti kabisa, na hilo halihitaji teknolojia ya kutoka nje, linahitaji ratiba ya matipa ipangwe hivyo tangu siku ya kwanza na mtu wa kuikagua.

Kabla ya buldoza kupanda inatakiwa sampuli zichukuliwe chini ya mimea tofauti, siyo katikati ya kilima tu, zioteshwe kwenye sahani zenye nikeli, raizobia watolewe kwenye vinundu vya kunde za pale, na waliopatikana wahifadhiwe kwenye friji za nyuzi hasi 80 za vyuo vyetu wenyewe, wakiwa na jina la kilima na la mmea waliotoka chini yake. Gharama yake ukiilinganisha na tairi za matipa ya mgodi mmoja ni aibu kuitaja. Na kwenye mkataba iandikwe nani ana haki nao, maana bakteria wa nikeli akishaondoka kwenye sanduku la barafu kwenda maabara ya mbali bila karatasi, pampu yake ikija kuwa na soko utakutana nayo kwenye hataza ya mtu mwingine.

Eneo moja la kilima, japo hekta chache, liachwe bila kuguswa kabisa. Siyo kwa ajili ya watalii. Fangasi na bakteria wa kurudi kwenye yale mashimo inabidi watoke mahali, na wanatembea taratibu, kwa mizizi, kwa maji ya mvua, kwa miguu ya mbuzi. Kama kilichobaki jirani ni mashamba ya mihogo kwenye udongo wa kawaida, watakaokuja ni wa mihogo.